Bastola ya pinki ilivyotaka kumkosesha kazi dada wa Kibongo kule Houston

Kuna picha moja ilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wabongo wanaoishi Texas. Dada mmoja mfupi, kashika bastola ya rangi ya pinki, kidole gumba kimefungwa bandeji, uso kaununa. Aliyeirusha akaandika chini yake kwa utani kwamba mlinzi mpya wa Houston kashapigwa na bastola yake mwenyewe. Watu wakacheka wee. Stika zikamwagika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hicho kidole kiliumiaje, na stori yenyewe ilikuwa hapohapo kwenye kidole.

Jina la dada huyo linabaki kapuni, yeye na mumewe, maana ndoa bado ipo na watoto wanasoma. Inatosha kujua kwamba alitua Houston akitokea Morogoro, akaanza na kazi ambayo Wabongo wengi wa huko wanaijua vizuri: kukesha na wazee wa watu, kuwageuza, kuwaosha, kuwapa dawa. Kule kazini walikuwa wanamtania kwa ajili ya glovu. Saizi ya kati ilimpwaya mpaka ncha za vidole zinaning'inia, hivyo kila akiingia zamu anasaka kwanza boksi la XS. Halipo? Anafanya kazi na glovu zinazovuka. Alishazoea. Mtu mwenye mikono midogo huzoea dunia kumpwaya.

Baadaye akahamia kwenye ulinzi, kukaa getini kwenye majengo ya kupanga, bila silaha. Kazi haikuwa mbaya, ila mkwanja ulikuwa mdogo. Walinzi wenzake waliokuwa wanabeba bastola walikuwa wanalipwa zaidi kwa saa ileile, geti lilelile. Na yeye alikuwa na mahesabu yake. Nyumba ya mama yake Morogoro ilikuwa imesimama kwenye lenta mwaka wa pili sasa, na kifungua mimba wake alikuwa bado anakaa na bibi, anasubiri nauli na makaratasi amfuate mama yake. Kwa hiyo alipojiandikisha darasa la ulinzi wa silaha hakuwa anatafuta sifa. Alikuwa anamtafuta mtoto wake.

Hapa inabidi msomaji wa Dar aelewe kitu. Huku kwetu bastola ni kitu unachokiona kiunoni kwa askari, na raia anayeitaka lazima apite mlango wa polisi. Texas mambo ni mengine kabisa. Tangu Septemba 1, 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea, kama sheria haimzuii, anaweza kubeba bastola bila kibali. Lakini kuibeba kama kazi, ukiwa umevaa sare na watu wanakutegemea, ni habari tofauti. Hapo lazima darasa, na baada ya darasa mtihani wa shabaha: risasi 50, kwenye umbali wa yadi 3, yadi 7 na yadi 15, alama kamili 250. Ukipata 175 umepita. Ukipata 174, rudi nyumbani.

Sasa ndipo mume anapoingia. Jamaa ni mpole, anampenda mkewe, hilo hakuna anayebisha. Aliposikia mke anasoma darasa la silaha akataka kumfanyia sapraizi. Akaenda dukani, akamwambia muuzaji anatafuta bastola ya mwanamke. Muuzaji hakuuliza swali la pili. Akamtolea rivolva ndogo ya risasi 5, nyepesi, mpini wa pinki, imelala kwenye boksi kama zawadi ya Valentine. Ni kadogo, kazuri, kanaingia kwenye pochi. Mume akalipa, akafungasha na utepe.

Wengi wangefanya hivyohivyo. Mkono mdogo, bastola ndogo, si ndiyo? Kumbe hapo ndipo watu wanapopigwa. Bastola kuwa ndogo na bastola kuutosha mkono mdogo ni vitu viwili tofauti. Risasi ikitoka inasukuma bastola irudi nyuma. Bastola nzito inameza sehemu kubwa ya lile teke kabla halijafika mkononi. Bastola nyepesi haina cha kumezea, kwa hiyo teke lote unapokea wewe. Halafu rivolva za aina ile, kidole kinapovuta triga ndicho kinachozungusha silinda na kurudisha nyundo kwa mpigo mmoja, na kwenye zile ndogo huo mvuto unafika kama kilo 5. Hebu fikiria kuinua ndoo yenye lita 5 za maji kwa ncha ya kidole cha shahada, huku kitu chenyewe ulichoshika hakifiki hata nusu kilo, na wanakwambia usikitikise. Mara 50.

Siku ya mtihani wa kwanza alipata 131. Mkono ulikuwa unatetemeka tangu risasi ya 20. Kile kidole gumba kwenye picha kilivimba kwa sababu bastola ilikuwa inageuka mkononi kila ikilia, na teke linaishia kwenye fundo la kidole badala ya kiganjani. Grupu likacheka. Yeye akazima simu.

Mume, kwa nia njema tena, akamwambia achukue ya kwake. Hii sasa ni bastola ya maana, ya 9mm, nyeusi, ya saizi kamili, yenyewe na chuma chake inakaribia gramu 700 bila risasi. Teke lake lilikuwa dogo zaidi, hilo alilisikia siku ya kwanza tu. Akafanya mazoezi wiki tatu. Na bado risasi zake zilikuwa zinaenda pale pale, chini kushoto, kama kuna mtu anamsukuma kiwiko. Mara nyingine bastola inakwama kabisa, ganda la risasi linang'ang'ania mlangoni, anabaki amesimama muda unakwenda. Mtihani wa pili, 158.

Mkufunzi wa darasa akamwambia mbele ya wenzake kwamba tatizo lake ni woga. Kwamba anaogopa mlio, anajikaza kabla risasi haijatoka, na wanawake wengi ndivyo walivyo. Maneno hayo yakamwingia kuliko yale ya grupu, maana huyu ni mwalimu. Akaanza kuamini. Akirudi nyumbani analala anaangalia dari. Mume akamwambia taratibu usiku mmoja, "Mama, kazi zipo nyingi. Siyo lazima hii." Alichosema ni pole. Alichosikia mke ni kwamba na wewe umeona siwezi.

Ni hatari sana mtu akishaambiwa kwamba kasoro yake ni moyo. Kasoro ya mkono unaweza kuipima kwa rula. Kasoro ya moyo utaipimia wapi? Mtu anaanza kupigana na nafsi yake, kumbe adui yuko kwenye mpini.

Aliyefungua fumbo ni bibi mmoja wa Kimarekani, askari polisi mstaafu, anayekaa kaunta kwenye uwanja wa shabaha ambapo dada alikuwa anakwenda kujifunza. Alimwangalia siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu akamwita kando, na hakuuliza habari za woga. Alimwambia anyooshe mkono. Akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha dada, akatikisa kichwa, akaomba aione hiyo bastola.

Kwanza akachomoa magazini. Akavuta juu, akaangalia chemba kwa macho, akaingiza na ncha ya kidole kuhakikisha hamna kitu, kisha akampa dada naye ahakikishe mwenyewe. Baada ya hapo akamwelekeza aishike kama inavyotakiwa: ule uwazi kati ya gumba na shahada ukae juu kabisa mgongoni mwa mpini, na mtutu unyooke mstari mmoja na mfupa wa mkono mpaka kwenye kiwiko. Usigeuze hata kidogo, akasema. Sasa peleka kidole kwenye triga.

Kidole hakikufika. Ilifika ncha tu, karibu na ukucha, inagusa ubavu wa triga.

Basi, kila kitu kikajieleza. Kidole kinatakiwa kikae katikati ya triga kwa ile nyama laini ya mbele, kati ya ncha na fundo la kwanza, ili kikivuta kivute kurudi nyuma moja kwa moja. Kikigusa kwa ncha, hakivuti, kinasukuma pembeni. Triga ya bastola kama ile inataka kilo 2 na nusu hivi ili ifyatue, wakati bastola yenyewe haifiki kilo. Ukiisukuma pembeni kwa nguvu hiyo lazima mtutu uhame, na kwa anayetumia mkono wa kulia unahamia kushoto. Ndiyo zile risasi za chini kushoto. Na dada, bila hata kujua, mwili wake ulikuwa unajitafutia dawa: anaigeuza bastola mkononi ili kidole kifike. Kidole kinafika kweli, ila sasa mtutu hauko tena kwenye mstari wa mkono, teke linaangukia kwenye gumba, mshiko unalegea, na bastola iliyoshikwa kwa kulegea ndiyo hiyo inayokwama. Woga uko wapi hapo? Ulikuwa ni upungufu wa sentimita moja na kidogo.

Kilichofuata ndicho kinachouma na kuchekesha kwa wakati mmoja. Bibi akamuuliza kama bastola hiyo ilikuja na vipande vingine vya mpini. Bastola nyingi za kisasa za plastiki huja hivyo, kipande cha mgongoni mwa mpini kinachomoka, na kwenye boksi kuna vingine, chembamba na kinene. Dada hakujua. Akarudi nyumbani, akapanda kiti, akashusha boksi lililokuwa juu ya kabati nyuma ya mabegi ya safari. Kipande chembamba kilikuwa humo, ndani ya kimfuko cha nailoni ambacho hakijawahi kufunguliwa. Mume alikuwa ameinunua, akaona inamtosha yeye, akafunga boksi.

Kubadilisha kile kipande kulichukua dakika chache. Kidole kikasogea mbele milimita kadhaa. Bado hakikufika katikati, lakini kilishatoka ukuchani. Kazi iliyobaki ilikuwa ya fundi.

Fundi wa silaha, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, alifanya vitu viwili. Cha kwanza, alipunguza plastiki kidogo pale chini ya kile kizingo kinachozunguka triga, ambapo kidole cha kati kinakaa, ili mkono wote upande juu zaidi. Mkono ukipanda, mtutu unakaa karibu na mstari wa mkono na teke linapungua kusumbua. Cha pili kilikuwa triga yenyewe. Dada alikuwa ameshaangalia video, akaomba apunguziwe uzito, iwe laini kama zile za mashindano.

Mzee alikataa katakata. Akamweleza kwamba triga laini sana ni ya mtu aliyesimama uwanjani, ametulia, mbele yake kuna karatasi tu. Mlinzi hafanyi kazi ametulia. Anafanya kazi usiku, moyo unadunda, mikono ina jasho, na mbele yake kuna binadamu. Pale ule uzito wa kilo 2 na nusu ni rafiki, unampa mtu nafasi ya kubadili mawazo. Alichokubali ni kuweka triga fupi, ambayo inakaa nyuma kidogo, karibu na kidole, uzito uleule wa kiwandani. Na hata hiyo hakuigusa mpaka dada alipoleta karatasi ya kampuni inayoruhusu, maana waajiri wengi hawataki kabisa mtu achezee triga ya silaha ya kazini. Alipomaliza akaijaribu mwenyewe kwanza. Kwa wale wanaodhani hii ni kazi ya kufanya sebuleni na tupa na video ya YouTube: hivyo vyuma vidogo vya ndani ndivyo vinavyozuia bastola isilie yenyewe ikidondoka. Waachie mafundi.

Wapo watakaosema huu ni udhaifu, kwamba mwanaume wa kweli anachukua silaha kama ilivyo. Waulizeni mabingwa. Mnakumbuka yule mzee wa Kituruki, Yusuf Dikeç, aliyetikisa mitandao kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni kama anasubiri daladala? Alichukua fedha siku hiyo akiwa na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Na yule dada wa Korea Kusini, Kim Ye-ji, aliyechukua fedha upande wa wanawake? Bastola za mchezo ule wa mita 10 zina mipini ya kuchongwa ifuate kiganja, kila tuta na kila bonde la mkono, na triga ambayo kwa kanuni inatakiwa isipungue gramu 500 tu. Zaidi ya hao kuna Károly Takács wa Hungary, ambaye mwaka 1938 bomu la mkono liliharibu mkono wake wa kulia, akajifunza upya kwa kushoto na kubeba dhahabu ya Olimpiki mwaka 1948 na tena 1952. Mtu akiwa bingwa, bastola inamfuata yeye.

Hata jeshi la Marekani lilijifunza hilo. Bastola ya Beretta M9 iliyochaguliwa mwaka 1985 ilikuwa na mpini mnene, wa saizi moja kwa wote, na wenye mikono midogo walilalamika miaka nenda rudi. Iliyochukua nafasi yake mwaka 2017, M17 ya SIG Sauer, mpini wake unabadilishwa, mdogo, wa kati na mkubwa. Kama wanajeshi waliokula kiapo wanapimiwa mpini, mlinzi wa getini apimiwe nini?

Usiku ule aliporudi kwa fundi dada alimpigia mama yake Morogoro. Mama ni fundi cherehani, kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha. Habari za bastola alizipokea kwa kuguna kwanza, kama wazazi wote. Mwanamke na silaha wapi na wapi. Lakini binti alipofika kwenye habari ya mpini, mama akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mteja akija gauni limembana, mimi nafumua mshono. Sijawahi kumwambia mtu akapunguze mwili." Binti akacheka mpaka machozi. Labda yalikuwa machozi kabla ya kuwa kicheko.

Mtihani wa tatu alipata 219.

Mkufunzi akampa mkono wa pongezi na kumwambia ameona sasa, ameushinda woga. Dada akashukuru kwa adabu. Hakuona haja ya kubishana na mtu ambaye hajawahi kutafuta glovu za XS.

Kazi akapata. Lakini kabla bastola haijalala ndani ya nyumba akaweka sharti, na hili nalo lisemwe, maana magrupu yanapenda kicheko kuliko akili. Pale nyumbani kuna mdogo wa miaka 6 anayefungua kila droo. Akanunua kisanduku cha chuma cha kufuli, silaha ya mume na ya kwake zote humo, risasi mbali. Texas pamoja na uhuru wake wote, kuacha bastola yenye risasi kizembe mpaka mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia ni kosa la jinai. Na hata kama sheria isingesema, mtu aliyeteseka hivyo kumfuata mtoto mmoja hawezi kumpoteza mwingine kwa uzembe wa droo.

Ile ya pinki waliirudisha dukani, wakalipwa chini ya nusu ya bei. Mume alikaa kimya siku mbili tatu. Mwanaume akigundua kwamba zawadi yake ndiyo iliyomwangusha mkewe, anatafuta pa kuficha uso. Mke hakumsimanga. Alimwambia kitu kimoja tu wakiwa jikoni, "Ungeniuliza, baba."

Ukweli ni kwamba jamaa anajua kupima. Pete ya uchumba aliipima kwa uzi, usiku, mchumba amelala, akafunga fundo, akapeleka kwa sonara, na pete ikaingia mara ya kwanza bila kukwama. Kile kidole alikijua. Ilipofika kwenye bastola akamsahau mwenye mkono, akakumbuka tu kwamba ni mwanamke.

Ni wangapi huku mjini wameambiwa hawawezi kazi, wana woga, wazito, kumbe wamepewa tu kitu kilichopimwa kwa mkono wa mtu mwingine? Na wewe unayempenda mtu, mara ya mwisho kumnunulia kitu, ulimpima au ulichagua rangi?